Kompyuta ni Taa, Karatasi si Taa



Wapendwa wasomaji, mwezi wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka marehemu wetu wote. Sisi wa kamati ya habari ya darasa la Filosofia tunaye marehemu mmoja ambaye tulikuwa na deni kwake. Halikuwa deni la fedha, ingawa fedha zimo ndani yake. Lilikuwa deni la uso wake. Tuliuchapa vibaya mara 500.

Tunaandika kwa kusema "sisi" kwa sababu kosa lilikuwa letu sote. Tulikaa wanne mbele ya kompyuta moja, wote tukiwa na miaka 25 au karibu na hapo, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Hebu tungoje kwanza." Tunaandika pia kwa sababu parokia nyingi siku hizi zinatengeneza zenyewe kalenda, kadi za upadrisho, vijitabu vya jubilei na picha za marehemu. Huenda yaliyotupata yakamsaidia mtu asipoteze sadaka ya waamini kama tulivyoipoteza sisi.

Marehemu alikuwa katekista wa kigango kimoja tunakokwenda kwa utume wa kichungaji kila mwisho wa juma. Watu wote walimwita Mwalimu, na mkewe wakamwita Mama Mwalimu. Aliongoza ibada za Dominika miaka mingi, enzi ambazo paroko aliweza kufika mara moja tu kwa mwezi. Aliwaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, akawazika wazee, akaandika majina ya wabatizwa kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya shamba la mahindi. Alifariki mwaka jana mwanzoni mwa Novemba. Baraza la kigango likaamua kwamba siku ya misa ya kutimiza mwaka kitolewe kijitabu cha kurasa 24 kuhusu maisha yake. Kazi tukapewa sisi, kwa kuwa "mafrateri wanajua kompyuta". Jumuiya ndogo ndogo zikachanga. Kuna waliotoa shilingi 1,000, na kuna waliotoa debe la mahindi, likauzwa sokoni.

Picha ya kufaa kwa jalada ilikuwa moja tu, maana Mwalimu hakupenda kupigwa picha. Kijana mmoja wa kwaya alimpiga kwa simu jioni moja, akiwa amesimama mlangoni pa kanisa la kigango, amevaa koti lake la siku zote. Nyuma yake ilionekana sanamu ya Mama Bikira Maria yenye joho la bluu.

Tulifanya kazi usiku, baada ya Sala ya Usiku, kwa ruhusa ya mlezi wetu. Taa za chumba tulizizima ili wadudu wasituzonge, na mwanga wa skrini tukaupandisha hadi mwisho. Picha ilikuwa na umanjano kidogo, tukaongeza bluu kuuondoa. Ilikuwa na ukungu, tukakoleza vivuli. Tulipomaliza tulijipongeza. Pale kwenye skrini Mwalimu alikuwa anatutazama utadhani yu karibu kutuuliza swali la katekisimu.

Siku ya kupeleka kazi mjini, fundi mchapaji alituuliza, "Mafrateri, mnataka prufu ya jalada kwanza?" Prufu ni nakala moja ya majaribio, inayochapwa ili mteja aione kabla ya kazi yote. Gharama yake ilikuwa shilingi 15,000, na ilimaanisha kupanda basi tena wiki iliyofuata. Tukamjibu kwa ujasiri wa watu wasiojua, "Hapana mzee, kwenye skrini iko sawa kabisa." Yule mzee akatutazama kidogo, akaandika stakabadhi.

Maboksi yalipofika tulifungua moja na kukaa kimya. Kisha kila mmoja akaanza kumtuliza mwenzake. Labda ni chumba hiki. Labda ni nakala hii ya juu. Tukachukua moja, tukampelekea Mama Mwalimu.

Tulimsalimu, "Shikamoo, Mama," akatuitikia na kutukaribisha ndani. Alikipokea kijitabu kwa mikono miwili, akavaa miwani. Akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Kisha akainuka, akaenda nacho mlangoni penye mwanga, kama wafanyavyo akina mama dukani wanapochagua kitenge. Alisimama pale kitambo.

"Wanangu," akasema, "koti nimeliona. Mlango wa kanisa nimeuona. Mzee mwenyewe yuko wapi?"

Uso ulikuwa giza la kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu kisha akasimama kivulini. Macho hayakuonekana. Mjukuu wake, binti wa darasa la tatu, alichungulia chini ya mkono wa bibi yake akauliza, "Bibi, mbona Mama Maria amevaa rangi ya Kwaresima?" Na kweli, joho la bluu lilikuwa limegeuka zambarau.

Tuliporudi seminarini tulikwenda kwa gombera, tukamweleza. Tulikuwa tumejiandaa kusema kwamba mchapaji ametuharibia. Gombera alituuliza swali moja tu: "Mmemsikiliza, au mmeshamhukumu?" Kesho yake tukapanda basi, tukiwa na kompyuta mkobani na kijitabu mkononi.

Yule fundi hakutugombeza. Alitutaka tufungue kompyuta juu ya meza yake na kuonyesha ukurasa mweupe mtupu. Kisha akachukua karatasi nyeupe, ileile iliyotumika kwa kijitabu chetu, akaiweka kando ya skrini. "Niambieni, nyeupe ni ipi?" Skrini ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho. Karatasi, ambayo dakika moja kabla tulikuwa tayari kuapa kwamba ni nyeupe, ilionekana kama maji yaliyooshewa mchele.

"Kompyuta yenu ni taa," akasema. "Karatasi si taa. Karatasi inaomba mwanga kwa wengine."

Ndugu msomaji, somo lote limo katika maneno hayo. Mwanga wa skrini hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba. Kompyuta nyingi za siku hizi, zikiwekwa mwanga wa juu kabisa, hufikia 250 au 300 na hata zaidi. Wanaofanya kazi za uchapaji hushusha skrini zao hadi kati ya 80 na 120 hivi, kwa sababu hapo ndipo weupe wa skrini unapolingana na weupe wa karatasi ndani ya chumba chenye mwanga wa kawaida. Sisi tulikuwa tumeufanya uso wa Mwalimu kuwa mweusi kupita kiasi, na hatukuona, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na taa iliyokuwa ikituficha kosa letu. Tulipoiondoa taa, yaani tulipochapa, lilibaki lile tulilofanya.

Fundi akatupa lenzi ndogo ya kukuzia. Tukainama juu ya jalada, na uso wa Mwalimu ukageuka nukta: za samawati, za majenta, za njano na nyeusi. Mashine ya chapa haina rangi nyingine. Skrini hutengeneza rangi kwa kujumlisha mianga mitatu, nyekundu, kijani na bluu, na ikiiwasha yote kwa nguvu zake zote tunapata nyeupe. Wino hufanya kinyume: kila tone linameza sehemu ya mwanga uliotoka kwenye karatasi, na kadiri unavyoongeza wino ndivyo unavyoongeza giza. Wino tatu za rangi zikikutana hazitoi weusi safi, hutoa hudhurungi ya matope. Ndiyo maana wachapaji wanaongeza wino wa nne, mweusi.

Tena nukta ya wino ikigusa karatasi hutanuka kidogo, kama tone la chai juu ya kitambaa cha meza. Kwenye sehemu nyepesi hilo halisumbui sana. Kwenye vivuli nukta zinagusana, nafasi nyeupe zinazibika, na kila kilichokuwa ndani ya kivuli kinazama. Macho ya Mwalimu yalizama hivyo.

Na ule ujivu? Fundi alituuliza tulifanya kazi saa ngapi. Tukasema usiku. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta yetu, akatuonyesha kwamba iliwekwa kubadili mwanga wake kuwa wa manjano kila jua linapozama, ili watu wapate usingizi. Umanjano tulioupiga vita saa nzima haukuwamo kwenye picha. Ulikuwa kwenye skrini. Ngozi ya Mwafrika ikichapwa hujengwa zaidi na majenta na njano, halafu samawati na nyeusi huingia kwa kipimo ili kutoa kina. Samawati ikizidi, uhai unatoka usoni. Sisi tuliongeza bluu kuponya ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao.

Joho la Mama Maria lilikuwa na sababu yake. Zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Bluu kali ya skrini ni mojawapo. Kijani kinachong'aa na rangi ya chungwa kali ni nyingine. Programu ikikutana na rangi iliyo nje ya uwezo wa wino inatafuta iliyo jirani. Kwa bluu, mara nyingi jirani huyo huwa na samawati nyingi na majenta karibu sawa nayo, na wino hizo mbili zikilingana huzaa zambarau. Fundi alitupa kanuni ya kazini: ukitaka bluu ibaki bluu, acha majenta ikae chini ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa ameliona kosa hilo bila kanuni yoyote.

Tulirudi tukiwa wanyenyekevu, na tukaanza kusoma. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba namba za rangi zenyewe hazisemi rangi. Ndani ya kompyuta kila rangi ya skrini huandikwa kwa namba tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Tulidhani namba zilezile ni rangi ileile popote. Lakini nani asiyewahi kupita mbele ya duka la televisheni siku ya mechi? Mpira ni mmoja, uwanja ni mmoja, na kila televisheni ina nyasi zake za kijani. Namba ni agizo tu. Kila chombo hulitekeleza kwa namna yake.

Basi kipimo kinatoka wapi? Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ilikubaliana juu ya kile kinachoitwa mtazamaji wa kawaida, yaani jicho la wastani la binadamu lililowekwa katika namba. Vipimo vilitoka katika majaribio ya wanasayansi wawili wa Uingereza, Wright na Guild, waliowaketisha watu na kuwaomba walinganishe rangi kwa kuchanganya mianga mitatu. Wright alikuwa na watu 10, Guild alikuwa na 7. Macho ya watu 17 ndiyo yaliyoweka msingi ambao skrini na mashine za chapa duniani bado zinausimamia. Mwaka 1993 kampuni 8 zikaunda umoja wa kimataifa wa kusimamia rangi, ili kila chombo kiwe na faili dogo la kueleza tabia yake mbele ya kipimo hicho. Faili hilo huitwa profaili.

Sisi waseminari tunaielewa profaili kwa urahisi. Frateri akienda likizo au kuhamia jimbo lingine hubeba barua ya utambulisho: huyu ni nani, ametoka wapi, ana nguvu gani na udhaifu gani. Picha isiyo na profaili ni mgeni asiye na barua. Atapokelewa, lakini kwa kubahatisha.

Kipimo, hata hivyo, kina historia yake, na historia hiyo inatuhusu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi za ngozi kwa kadi za mfano za kampuni ya Kodak, maarufu kwa jina la kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Sura hiyo ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa imekwenda vizuri. Watu weusi katika picha zilezile mara nyingi walibaki meno na macho tu. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kwa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali kutolewa. Hatusemi haya ili kujitetea. Jalada letu liliharibiwa na sisi wenyewe, wajukuu wa Mwalimu kiimani, wenye ngozi kama yake. Lakini tuliona kwamba anayechagua kipimo anachagua pia nani ataonekana, na kwamba uso mweusi unataka uangalifu zaidi kwenye vivuli, mahali ambapo mvivu hukoleza tu na kupita.

Muhula huu tunasoma nadharia ya maarifa. Aristotle alifundisha kwamba kila hisi ina kitu chake maalumu, na kitu maalumu cha jicho ni rangi; jicho halikosei kwa wepesi juu ya rangi yenyewe, hukosea kuhusu kitu chenye rangi hiyo. Karne nyingi baadaye John Locke akasema rangi haimo ndani ya vitu kama umbo lilivyomo. Ni uwezo wa vitu kuamsha hisi ndani yetu. Na mtakatifu wetu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba ukweli ni ulinganifu kati ya akili na kitu kilivyo. Kabla ya kijitabu hiki tulikuwa tunayaandika haya kwenye mitihani na kupata alama. Baada yake tulijiuliza: katika kamati yetu, akili yetu ililingana na kitu gani? Ililingana na skrini. Hatukuwahi kuuliza kama skrini inalingana na karatasi, wala kama karatasi inalingana na Mwalimu.

Tuliporudi kazini tuliazima kipima rangi kwa mpiga picha mmoja wa harusi. Ni kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani. Unaiacha skrini iwake nusu saa ili itulie, unakitundika kifaa juu yake, na programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine huku kifaa kikipima kilichotoka dhidi ya kilichotakiwa. Mwishoni inaandika profaili ya skrini hiyo. Tulizima ule umanjano wa usiku, tukazima mwanga unaojibadilisha wenyewe, tukashusha kandela hadi 100. Skrini ikapoa. Mmoja wetu alisema, "Tumeiua." Haikufa. Ilikuwa imeacha kutusifu.

Kisha tukaomba kwa fundi profaili ya mashine yake na karatasi yake, tukaiingiza kwenye Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Inaweza kuigiza kwenye skrini jinsi wino utakavyotua juu ya karatasi, na kuonyesha rangi ambazo wino hautazifikia. Ukiwasha uigizaji huo picha inanyauka mbele yako, na moyo unakataa. Fundi alikuwa ametuonya: wakati wa kuwasha, geuza uso, tazama ukutani kidogo, ndipo urudi. Jicho linalolinganisha na mng'ao wa dakika iliyopita halitaridhika kamwe. Likipumzika kidogo linazoea weupe wa karatasi, na picha inapata tena pumzi yake.

Jicho letu lina huruma nyingi. Shati jeupe unaliona jeupe juani, chini ya taa ya manjano ya bwaloni na karibu na mshumaa, ingawa mwanga unaotoka juu yake ni tofauti kila mara. Ni neema kwa maisha ya kila siku, lakini ndiyo iliyotuponza. Baada ya robo saa mbele ya skrini mbaya, jicho linaiita nzuri. Baba yetu wa kiroho, tulipomsimulia, alisema dhamiri nayo huzoea hivyohivyo, na ndiyo sababu mtu hajiungamishi mwenyewe. Tuliliandika neno hilo.

Tulirudi kwa Mama Mwalimu na prufu ya kweli, iliyolipiwa shilingi 15,000. Akaenda nayo mlangoni. Tumejifunza kwamba wachapaji wana kiwango cha mwanga wa kutazamia kazi, nyuzi 5000 za Kelvin, mwanga unaokaribia ule wa mchana. Mama Mwalimu hahitaji kuambiwa. Kila mama aliyewahi kununua vitambaa viwili vya sare ya kwaya dukani chini ya taa ya bomba, vikalingana, kisha vikagombana nje juani, anajua kwa nini watu huenda mlangoni.

Alitabasamu. "Huyu ndiye," akasema. Tukashusha pumzi. Kisha akaongeza, "Lakini koti lake mmelibadilisha."

Tulimwambia kwa heshima kwamba koti ni jeusi, hatukuligusa. Hakubishana. Aliingia chumbani, tukasikia sanduku likifunguliwa, akatoka na koti lenye harufu ya dawa ya nondo. Akalitandaza juu ya magoti yake pale mlangoni. Lilikuwa bluu. Bluu iliyoiva sana, inayokaribia nyeusi, lakini bluu. "Nililinunua kwa fedha za maharage yangu," akasema, "mwaka ule alipotimiza miaka 25 ya ukatekista. Jeusi alilikataa. Alisema jeusi ni la mazishi, na yeye anakwenda kufundisha."

Hapo tulielewa kilichokuwa kimebaki. Skrini ilikuwa imepimwa, profaili zilikuwa sahihi, prufu ilikuwa imelingana na skrini kuliko tulivyotarajia. Mnyororo wote ulikuwa mzima, isipokuwa pete ya kwanza. Tangu usiku ule wa kwanza tulikuwa tumekoleza vivuli hadi bluu ikafa, na hata tulipoanza upya tuliuendeleza weusi uleule, kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Kipima rangi kinaweza kukwambia kama skrini yako inasema kweli kuhusu faili. Hakiwezi kukwambia kama faili linasema kweli kuhusu mtu. Kwa hilo unamhitaji aliyemjua.

Mama Mwalimu alilikunja koti ndani ya kanga, akatuazima. Saa nne asubuhi, karibu na dirisha, mahali jua lisipopiga moja kwa moja, tuliliweka kando ya skrini. Tulirudi kwenye picha ya asili, ambayo kijana wa kwaya alikuwa bado anayo kwenye simu yake. Bluu ilikuwamo muda wote. Tuliacha vivuli vipumue, tukaiweka majenta chini ya samawati kama tulivyofundishwa, tukapunguza jumla ya wino kwenye sehemu nzito, maana wachapaji wengi hawapendi asilimia za wino zote nne kwa pamoja zizidi 300 hivi. Joho la Mama Maria halikurudia bluu ya skrini. Lilipata bluu tulivu zaidi, lakini hakuna mtoto atakayeiita ya Kwaresima. Prufu ya pili ilipotoka tulitia sahihi nyuma yake, na fundi akatia yake. Ni desturi ya kazi hiyo: anayetia sahihi anakubali kuulizwa.

Fedha za kuchapa upya vijitabu vyote hazikuwepo. Tulichapa majalada tu, tukayalipia kwa kabichi za bustani ya darasa. Jioni tatu mfululizo tulikaa bwaloni baada ya chakula, tukifungua pini, tukitoa jalada la zamani, tukivalisha jipya, tukibana tena. Jalada moja la zamani tumelibandika ukutani juu ya kompyuta.

Kwa kamati za parokia tunapendekeza machache. Msifanye kazi ya rangi gizani. Zimeni kila kitu kinachobadilisha mwanga wa skrini chenyewe. Kama hamna kipima rangi, wekeni karatasi nyeupe kando ya skrini mahali penye mwanga mzuri, mshushe mwanga wa skrini hadi nyeupe hizo mbili zikaribiane. Muulizeni mchapaji profaili yake kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza. Msikatae prufu, hata kama basi liko mbali. Na prufu ikija, mpelekeeni mtu anayemjua aliyeko pichani, mwende naye mlangoni.

Siku ya misa, vijitabu viligawiwa baada ya Komunyo. Tulimrudishia Mama Mwalimu koti lake na nakala ya kwanza. Aliitazama juani, nje ya kanisa, palepale Mwalimu aliposimama siku ya picha. Hakusema kitu. Alikikunja kijitabu mara moja, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akalifunga koti katika kanga, akaenda nalo nyumbani.

Raha ya milele umpe Mwalimu, ee Bwana. Nanyi wasomaji, mtukumbuke katika sala.